Mto Tana na Mafuriko Yaliyopotea

Mafuriko ya Garissa mara nyingi hufika siku ya jua kali. Mji huo hupata mvua inayokaribia milimita 350 kwa mwaka mzima, kiasi ambacho baadhi ya wakulima wa milimani hukipata ndani ya mwezi mmoja wa masika. Mbuzi wamejibanza kwenye vivuli vya migunga, anga haina hata wingu, na mto unapanda. Maji hayo yalinyesha siku kadhaa nyuma kwenye miteremko ya Mlima Kenya na safu za Nyandarua, na tangu hapo yamekuwa safarini, yakishuka kutoka kwenye baridi hadi nyikani. Yanapofika chini ya daraja la Garissa rangi yake ni ya chai ya maziwa iliyokolea majani, kwa sababu yamebeba udongo wa mashamba yote yaliyoko njiani.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, kilomita zipatazo 1,000 kutoka vyanzo vyake hadi Kipini kwenye Bahari ya Hindi. Bonde lake lina kilomita za mraba kama 95,000, lakini ukubwa huo unadanganya. Karibu maji yote hutoka kwenye kipande kidogo cha juu, kule kwenye chai, kahawa na misitu ya mlimani. Ukishapita Kora, mto hauongezewi tena na kijito chochote cha kudumu. Zilizobaki ni laga tu, mikondo ya mchanga inayotiririka saa chache baada ya mvua kisha ikakauka tena. Kwa hiyo nusu ya chini ya Tana ni mto wa kuazima: unapita katika nchi kavu ukiwa umebeba mvua ya watu wengine.

Tena katika nchi hiyo tambarare mto haukuchimba bonde, umejijengea tuta. Maji yanapovuka kingo hupoteza kasi papo hapo. Mchanga mzito hutua kwanza, karibu na ukingo, na tope laini husafiri mbali zaidi kabla ya kutulia. Msimu baada ya msimu kingo zimeinuka, hata sehemu nyingi mto unapita juu kuliko ardhi iliyo kando yake. Ndiyo maana vijiji vingi vya Wapokomo, wakulima wa bonde hili, viko juu ya kingo zenyewe, mahali ambapo mgeni angedhani ni hatari kuliko kote. Ndiyo maana pia maji yakishatoka hayarudi mtoni kwa urahisi. Hujaza mabonde, hukaa wiki kadhaa, na baada ya gharika kubwa mto wenyewe unaweza kuhama na kuacha mkondo wake wa zamani ukiwa ziwa. Ziwa Shakababo, karibu na Garsen, ni mojawapo ya mabaki ya namna hiyo.

Uhamaji mkubwa kuliko wote unaokumbukwa ulisaidiwa na majembe. Katika karne ya 19 mtawala wa Witu aliamuru uchimbwe mfereji, Belezoni, wa kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi ili mitumbwi yenye bidhaa ifike Kau na Kipini bila kuzunguka baharini. Mto ukaupenda mfereji. Kila mafuriko yaliupanua, na karne haijaisha sehemu kubwa ya Tana ilikuwa inaingia baharini kupitia Ozi, ikiuacha mlango wake wa zamani uliokuwa kusini zaidi. Kazi iliyokusudiwa kupitisha mitumbwi ilihamisha mto mzima.

Mto wa aina hii una kalenda yake. Hujaa mara mbili kwa mwaka, kilele kimoja kikiwa karibu na Mei, baada ya masika, na kingine Novemba, katika vuli. Mpokomo hupanda mpunga mabondeni akifuata maji, na mahindi na migomba kwenye miinuko ya ukingo, kwenye udongo uliorutubishwa na tope jipya bila mbolea ya duka. Mworma na Mwardei, ambao mali yao ni ng'ombe, huishi mbali na mto wakati wa mvua na kurudi kiangazi, nyasi za bara zinapokwisha, wakipita kwenye malka, yaani njia zilizotengwa kwa ajili ya mifugo kuyafikia maji. Kambare huzaliana katika mabonde yaliyofurika na kuvuliwa kwenye vidimbwi maji yanapopungua. Kwa jamii zote hizi, msimu wa balaa ulikuwa ule ambao mto haukupanda.

Hapo ndipo ilipo habari yenyewe ya Tana. Kwa muda wa miaka 60 hivi mto umepoteza mafuriko yake madogo na ya wastani, yale yaliyokuwa yakilisha, na umebaki na makubwa, yale yanayobomoa.

Kipimo cha ukubwa huo bado ni mwaka 1961. Kenya ilikuwa imetoka kwenye ukame mbaya uliofyeka ng'ombe wa Wamaasai na kuwaacha Wakamba na njaa. Kisha, kuanzia Oktoba, vuli ikanyesha kana kwamba haitakoma. Barabara na madaraja yalikwenda na maji, mito ya Tana na Athi ikavunja kingo zake, na watu waliokuwa wakisubiri chakula cha ukame wakajikuta wamezingirwa na maji. Ndege za jeshi la anga la Uingereza zilidondosha magunia ya mahindi katika sehemu zisizofikika, na Ukambani njaa ile inaitwa mpaka leo njaa ya ndege. Hali ilikuwa hiyo hiyo karibu Afrika Mashariki nzima. Ziwa Victoria lilianza kupanda mwishoni mwa 1961, na kufikia katikati ya 1964 kina chake kilikuwa kimeongezeka kwa zaidi ya mita mbili. Kwa kuwa Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, wataalamu wa maji wengine waliziita mvua hizo mvua za uhuru.

Kilichowasumbua wanasayansi ni chanzo chake. Kwa muda mrefu mvua kubwa za vuli zilihusishwa na El Niño, ule ujoto wa Bahari ya Pasifiki unaorudi kila baada ya miaka michache. Lakini mwaka 1961 hapakuwa na El Niño. Bahari ya Pasifiki ilikuwa shwari, na Afrika Mashariki inazama.

Jibu lilikuwa karibu zaidi, katika bahari ambayo jahazi za Lamu na Mombasa zimeivuka kwa karne nyingi. Mwaka 1999 Saji, Goswami, Vinayachandran na Yamagata walichapisha katika jarida la Nature maelezo ya kile kinachoitwa Dipoli ya Bahari ya Hindi. Kwa kawaida upande wa mashariki wa bahari hiyo, karibu na Indonesia, ndio wenye joto zaidi. Hewa hupanda kule, mawingu hujijenga kule, na upande wetu hewa hushuka ikiwa kavu. Miaka fulani mambo hugeuka. Pepo za kusini-mashariki hupata nguvu kwenye pwani ya Sumatra, maji baridi hupanda kutoka kilindini, na maji ya vuguvugu husukumwa magharibi, kuelekea Somalia, Kenya na Tanzania. Hewa iliyokuwa ikipanda Indonesia sasa hupanda huku, na upepo wa mashariki unaingia bara umeshiba unyevu. Milima ya Kenya iko njiani. Hewa ikigonga miteremko hupanda, hupoa, na kuutua mzigo wake wote juu ya vyanzo vya Tana.

Ukiangalia orodha ya gharika za vuli ukiwa na kipimo hicho mkononi, picha inajipanga. Mwaka 1961 kulikuwa na dipoli kali peke yake. Mwaka 1997 dipoli na El Niño vilikuja pamoja, na mwaka 2006 pia, ingawa kwa nguvu pungufu. Vuli ya 2019 ilikuwa na mojawapo ya dipoli kali kuliko zote zilizowahi kupimwa, na hiyo ndiyo vuli iliyoporomosha milima ya Pokot Magharibi na kuandaa malisho ya nzige wa jangwani waliovamia Kenya wiki chache baadaye. Mwaka 2023 ndugu hao wawili, dipoli na El Niño, wakarudi kwa pamoja.

Rekodi za vipimajoto vya baharini hazirudi nyuma sana, lakini matumbawe yanakumbuka. Mwaka 2000 timu iliyomjumuisha mtafiti wa Kenya Nyawira Muthiga ilichapisha katika jarida la Science historia ya joto la bahari ya Malindi kutoka 1801 hadi 1994, iliyosomwa kwenye tumbawe moja. Tumbawe hukua kwa tabaka za kila mwaka, na uwiano wa aina za oksijeni katika kila tabaka hutegemea joto la maji ya wakati huo. Uchunguzi mwingine uliofuata, wa tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi, ulitafuta madini ya bari, ambayo hufika baharini yameshikamana na tope la mito. Hapo jirani ndipo Mto Sabaki, pacha wa Tana kwa tabia, unapomwaga maji yake. Tope lilikuwa kidogo kwa karne mbili, kisha likaongezeka sana mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba ya walowezi yalipofunguliwa na watu na mifugo kubanwa katika sehemu ndogo za ardhi. Mvua zilikuwa zile zile za siku zote. Kilichobadilika ni ardhi iliyokuwa ikizipokea.

Gharika ya 1997 na 1998 ndiyo iliyoingiza neno El Niño katika mazungumzo ya vibandani. Ilianza Oktoba na kuendelea hadi mwanzoni mwa mwaka uliofuata, ikavuka msimu wa kiangazi ambao kwa kawaida hutenganisha vuli na masika. Kaunti zinazojulikana leo kama Garissa na Tana River zilitengwa na sehemu nyingine za nchi. Ngamia, mbuzi na kondoo walisimama kwenye visiwa vidogo vya ardhi kavu, miguu imelowa siku nenda siku rudi. Kisha, mwezi Desemba, habari zikaanza kutoka Garissa na kusini mwa Somalia kwamba watu wanakufa kwa homa na kutokwa damu.

Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa. Virusi vyake vilitambuliwa kwa mara ya kwanza na watafiti wa maabara ya mifugo ya Kabete waliochunguza vifo vya kondoo katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha na kuchapisha matokeo yao mwaka 1931. Dalili ya kwanza huonekana zizini, kabla ya binadamu kuugua: karibu kondoo wote wenye mimba huiharibu kwa mkupuo, na wana-kondoo wachanga hufa ndani ya siku chache. Anayechinja, anayezalisha au anayekamua mnyama mgonjwa naye huambukizwa. Wengi hupona kama waliopata mafua makali, ila wachache huharibika ini na kuvuja damu. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba Garissa pekee watu wapatao 27,500 waliambukizwa katika mlipuko huo.

Swali lililowaumiza vichwa madaktari wa mifugo ni mahali ugonjwa huo unapojificha. Milipuko huachana kwa miaka mitano, kumi, hata kumi na tano, na katikati kunakuwa kimya. Jibu liko ardhini. Katika nyika ya kaskazini mashariki kuna mabonde mafupi, yasiyo na kina, ambayo mpita njia hatayaona kwa sababu kiangazi ni majani makavu tu. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde hayo, juu kidogo ya ukingo wa maji. Mayai hustahimili ukavu kwa miaka. Mvua ya kawaida huyafikia machache. Mvua ya kupita kiasi hulijaza bonde hadi juu, nayo mayai ya misimu mingi huanguliwa kwa pamoja. Katika miaka ya 1980 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Kenya walikusanya viluwiluwi kutoka kwenye mabonde ya namna hiyo, wakawalea maabara hadi wakawa mbu kamili, na wakavikuta virusi ndani ya mbu hao ambao hawajawahi kumuuma mnyama yeyote. Hata madume, ambao hawanyonyi damu kabisa, walikuwa navyo. Mama anamrithisha mtoto kupitia yai. Mafuriko, kwa maana hiyo, hayakuuleta ugonjwa kutoka mahali pengine. Yaliuamsha.

Hasara haikuishia bondeni. Saudi Arabia ilipiga marufuku mifugo kutoka Pembe ya Afrika mwanzoni mwa 1998, na biashara ya mbuzi na kondoo wanaopelekwa ng'ambo kabla ya Hija ikaanguka. Hata hivyo, Septemba 2000 homa hiyo ililipuka Saudi Arabia yenyewe, katika eneo la Jizan, na nchini Yemen. Ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa nje ya bara la Afrika na visiwa vyake, na virusi vilivyopatikana kule vilifanana sana na vile vya Afrika Mashariki vya 1997.

Kuna upande mmoja wa habari hii unaotia moyo. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba ukifuatilia joto la Pasifiki na la Bahari ya Hindi kwa pamoja, kisha ukatazama kwa setilaiti jinsi nyika inavyogeuka kijani, unaweza kuutabiri mlipuko miezi kadhaa kabla. Vuli ya 2006 njia hiyo ilijaribiwa kwa kweli. Onyo lilitolewa kabla ya ugonjwa kuonekana, na Desemba ukaonekana, Garissa, mahali palipotajwa. Zaidi ya watu 150 walikufa nchini Kenya, idadi kubwa kwa ugonjwa uliotanguliwa na taarifa. Mapungufu hayakuwa katika utabiri. Chanjo ya mifugo inahitaji kununuliwa, kuhifadhiwa kwenye baridi na kufikishwa zizini kabla barabara hazijakatika, na barabara zilikuwa zimekwisha kukatika.

Turudi mtoni. Mwaka 1961 Tana haikuwa na bwawa hata moja kubwa. Kindaruma lilikamilika 1968, likafuatwa na Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Matano haya, katika mpango unaoitwa Seven Forks, yalikuwa kwa miaka mingi uti wa mgongo wa umeme wa Kenya. Huko juu zaidi bwawa la Ndakaini linaupa mji wa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake, ambayo husafirishwa kwa bomba hadi nje ya bonde. Masinga ndilo ghala kuu. Uwezo wake wa awali ulikuwa mita za ujazo bilioni 1.56, karibu theluthi moja ya maji yanayopita Garissa kwa mwaka wa kawaida.

Theluthi moja ni kubwa na ni ndogo kwa wakati mmoja, na hesabu yake inafaa kufanywa. Wastani wa Tana pale Garissa ni mita za ujazo 150 hivi kwa sekunde. Mto ukipanda kiasi, tuseme mara mbili au tatu ya wastani kwa wiki chache, Masinga lenye nafasi humeza ongezeko lote, na watu wa chini hawaoni kitu. Lakini mto ukileta mita za ujazo 1,500 kwa sekunde, Masinga tupu kabisa lingejaa kwa siku 12. Na Masinga haliwi tupu kabisa, kwani bwawa la umeme huendeshwa likiwa limejaa kadiri iwezekanavyo. Maji yakifika usawa wa mita 1,056.5 juu ya bahari, ya ziada hupita na kuyafikia mabwawa manne yaliyo chini yake, madogo zaidi, ambayo nayo huwa yamejaa. Kila tani ya udongo inayotelemka kutoka mashamba ya Murang'a na Nyeri na kutulia ndani ya Masinga hupunguza nafasi hiyo tena.

Kwa hiyo mabwawa huchuja. Mafuriko ya kila mwaka hukatwa, na gharika ya mara moja kwa muongo hupita. Tena gharika hiyo huwakuta watu ambao kwa miaka kadhaa hawajaona maji, wamelima karibu zaidi na mto, wamefunga pampu za dizeli kwenye kingo na kujenga pale ambapo babu zao wasingethubutu kujenga hata kibanda cha kuwinga ndege. Huwezi kuwalaumu. Mto haukuwaonya.

Msitu nao umehisi pengo hilo. Kando ya Tana ya chini kuna vipande vya msitu wa kijani katikati ya nyika, vingine vikiwa na upana wa mita mia chache tu, na humo wanaishi nyani wa aina mbili wasiopatikana porini popote pengine duniani: mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana. Hifadhi yao ilitangazwa 1976. Misitu hiyo hainyeshewi vya kutosha kuishi kwa mvua. Inaishi kwa maji ya mto yanayopenya ardhini na kwa mafuriko yanayolowesha udongo. Kuna mti mmoja wa jamii ya popla, unaoota Kenya na sehemu ndogo ya Tanzania, ambao mbegu zake zinahitaji mchanga mtupu, mbichi, uliotoka kutandazwa na mto. Mche huota hapo, kisha mzizi hukimbizana na maji ya ardhini yanaposhuka baada ya mafuriko. Yakishuka polepole, mti unapona. Mto usipopanda, hakuna mchanga mpya. Mto ukipanda kupita kiasi, mchanga na miche huondoka pamoja. Wanaoitembelea misitu hiyo wakitafuta nyani wangefanya vyema kutazama chini pia, kwenye umri wa miti: palipo na wazee watupu pasipo vijana, msitu umeanza kufa huku bado unapendeza.

Masika ni jambo jingine. Vuli inaisikiliza dipoli, lakini masika ya Machi hadi Mei hayana bwana mmoja anayejulikana, na ndiyo sababu utabiri wake ni mgumu zaidi. Wimbi la mawingu linaloizunguka dunia kwa siku 30 hadi 60, likiitwa kwa majina ya Madden na Julian waliolieleza katika miaka ya 1970, likikaa upande wetu linaweza kuongeza mvua kwa wiki kadhaa. Vimbunga vya kusini mwa Bahari ya Hindi navyo huvuta pepo zenye unyevu kutoka magharibi. Masika ya 2018 yalikuwa hivyo, na Aprili na Mei mwaka huo makumi ya maelfu ya watu wa Tana River walihama makwao.

Kisha ikaja miaka ambayo wakazi wa bonde hilo wataisimulia kwa muda mrefu. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo, ukame ambao kaskazini na mashariki mwa Kenya uliangamiza mifugo kwa mamilioni. Vuli ya 2023 ikaja na gharika. Mabwawa yakajaa. Masika ya 2024 yakaanguka juu ya udongo ambao haujakauka na mabwawa ambayo hayana nafasi. Mwishoni mwa Aprili kampuni ya umeme ya KenGen iliwataka watu wa chini ya mabwawa wahamie sehemu za juu. Barabara kati ya Madogo na Garissa ilizama, na wasafiri wakavushwa kwa mashua. Tarehe 28 Aprili mashua moja ilipinduka pale Kona Punda na watu wakafa maji mahali ambapo wiki chache kabla palipita mabasi. Usiku uliofuata, mbali na Tana, maji yaliyokuwa yamezuiwa kwenye tuta la reli yalifumuka juu ya Mai Mahiu na kuua makumi ya watu waliolala. Serikali iliamuru watu wanaoishi karibu na mabwawa na mabirika 178 wahame ndani ya saa 24. Msimu ulipokwisha waliokufa Kenya walikaribia 300.

Je, ni mabadiliko ya tabianchi? Wanasayansi wa mtandao wa World Weather Attribution waliipima misimu yote miwili, na majibu yao hayakufanana, jambo linalostahili kusemwa wazi kwa sababu mara nyingi huunganishwa. Kwa vuli ya 2023 walikuta kwamba ujoto uliosababishwa na binadamu ulizidisha ukali wa mvua, pengine hadi mara mbili. Kwa masika ya 2024 ishara ilikuwa ndogo, asilimia 5 hivi, na yenye shaka. Katika ripoti hiyo ya pili uzito waliuweka kwenye makazi, hasa mitaa ya mabanda iliyojengwa kwenye kingo za mito ya mijini. Hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na hilo halina ubishi. Lakini anayetaka kueleza vifo vya Aprili 2024 kwa joto la dunia peke yake anaiachia mipango mibaya ya ardhi iondoke bila kuulizwa.

Kwa miongo kadhaa mipango ya Kenya imekuwa na bwawa jingine, chini ya Kiambere, ambalo katika sura yake ya karibuni linaitwa High Grand Falls na ambalo lingekuwa kubwa kupita Masinga mara kadhaa. Hoja yake kuu, mbali na umeme na kilimo cha umwagiliaji, ni kuzuia gharika zisifike Garissa na Hola. Linaweza kuzizuia nyingi. Linaweza pia kuyamaliza kabisa mafuriko machache ya wastani yaliyobaki, na pamoja nayo mpunga wa mabondeni, nyasi za kiangazi, samaki wa Shakababo na miche ya msitu. Wahandisi wanalijua hilo. Katika miaka ya 1990, bwawa la Mutonga na Grand Falls lilipochunguzwa, ndani ya mpango kulikuwa na pendekezo la kufungua maji kwa makusudi, wakati wa msimu, ili mto ujae kama zamani kwa siku chache. Maji hayo hayazalishi umeme wa kuuzwa saa ya mahitaji, na kila mita ya ujazo inayoachiliwa ni shilingi zinazoonekana kwenye hesabu za Nairobi, wakati mavuno ya Mpokomo na maziwa ya Mworma hayaandikwi popote. Bwawa hilo halikujengwa, na Seven Forks haikuundwa kwa ajili ya kuujaza mto kwa makusudi. Masinga linaendelea kufanya kama lilivyofanya tangu 1981: linajaa, na likijaa linamwaga.